Idd katika nchi ya visiwa 17,000: Indonesia inatufunza nini?

 

Ndugu wasomaji, ni nani miongoni mwetu ambaye hajaishuhudia asubuhi ile ya utata? Baba kaamka na saumu yake ya thelathini. Kijana wake aliyepanga chumba mtaa wa pili kavaa kanzu mpya, kajipaka manukato, anakwenda kuswali Idd. Mama yuko jikoni hajui kama chungu akitenge kwa futari ya jioni au kwa pilau ya mchana. Watoto wadogo wanawatazama wakubwa wao, kisha wanauliza swali ambalo hakuna anayetaka kulijibu: leo ni Idd au si Idd?

Lau shida ingekuwa ni ya siku moja tu, tungeinyamazia. Lakini wengi wetu tunajua kwamba siku ile huacha kovu. Mkono wa Idd hukataliwa kwa neno la "kwetu bado". Ndugu hupishana njiani bila ya salamu. Sikukuu iliyoletwa ili iunge jamaa hugeuka kuwa mahali pa kupimana imani.

Katika makala yetu ya leo hatukusudii kurudia dalili za kifiqhi ambazo masheikh wetu wamekwishazieleza kwa urefu. Tumeona ni bora tuvuke bahari, tuwatazame ndugu zetu wa Indonesia ambao wana mtihani kama wetu, tena mkubwa zaidi, tuone wanazipitishaje sikukuu zao na za majirani zao, na wapi walipojikwaa.

Nchi ya mbali iliyo karibu nasi

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000. Kutoka ncha ya Aceh upande wa magharibi hadi mpaka wa Papua upande wa mashariki ni zaidi ya kilomita 5,000, masafa marefu kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Cairo. Nchi ina saa za aina tatu, hata wa mashariki huwa wameswali Magharibi hali ya kuwa wa magharibi jua lao bado liko juu. Lugha zinazozungumzwa humo zinapita 700. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 270, na katika kila watu 100, takriban 87 ni Waislamu. Indonesia na Pakistan ndizo zinazoongoza duniani kwa wingi wa Waislamu.

Pamoja na wingi huo, dini zinazotambuliwa rasmi ni sita: Uislamu, Uprotestanti, Ukatoliki, Uhindu, Ubudha na Ukonfyusi. Kila moja ina sikukuu yake katika kalenda ya taifa. Kwa hiyo Mwindonesia katika mwaka mmoja hupumzika kazini kwa Idd zote mbili, Maulidi, Israa na Miraji, mwaka mpya wa Hijria, Krismasi, Ijumaa Kuu, Vesak ya Mabudha, Nyepi ya Wahindu na mwaka mpya wa Kichina.

Watu hawa si wageni kwetu kama wengi wanavyodhani. Waislamu wao wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), kama walivyo wengi katika pwani yetu. Masharifu na wanazuoni wa Hadhramaut waliotweka matanga kuja Lamu, Mombasa na Zanzibar walikuwa na jamaa zao waliokwenda upande wa pili, Java na Sumatra. Maulidi ya Barzanji yanayosomwa Bagamoyo husomwa pia Surabaya. Na yale maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, ambayo Habib Swaleh aliyasimamisha Lamu katika Msikiti wa Riyadha, husomwa katika mji wa Solo, Java, kwenye msikiti ambao nao unaitwa Riyadh. Hata mkarafuu uliolijengea jina kisiwa cha Zanzibar asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia.

Safari ya kurudi kwa wazazi

Idd el Fitr huko huitwa Lebaran, na jambo linaloitangulia ni safari. Waindonesia huiita mudik, yaani kurudi kijijini. Wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa majumbani, wauza vyakula wa mitaani, wanafunzi na wakubwa wa ofisi, wote huelekea kwao. Mwaka 2024 Wizara ya Uchukuzi ya huko ilikadiria kwamba watu milioni 193.6 wangesafiri kwa ajili ya Idd. Jakarta, jiji lisilojua ukimya, hubaki na barabara tupu.

Safari hiyo ina mashaka yake. Mwaka 2016 msongamano wa magari karibu na mji wa Brebes, katika kisiwa cha Java, ulidumu kwa siku kadhaa na watu zaidi ya 10 walifariki kwa uchovu na maradhi wakiwa njiani. Mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya maradhi ya korona, serikali iliipiga marufuku safari hiyo, na wazee wengi waliiona Idd bila ya watoto wao. Lakini marufuku ilipoondolewa mwaka 2022, barabara zilijaa tena.

Kinachowarudisha ni mzazi. Asubuhi ya Idd, baada ya swala, watoto hata wakiwa na mvi hupiga magoti mbele ya wazazi wao, wakawashika mikono na kuomba radhi. Maneno yao yaliyozoeleka maana yake ni kuomba msamaha kwa ya dhahiri na ya moyoni. Kisha mzazi naye huomba msamaha kwa mtoto. Baada ya hapo ndugu kwa ndugu, jirani kwa jirani, mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa.

Sisi tunao mkono wa Idd, na tunao "shikamoo" na kubusu mikono ya wazee. Lakini tujiulize kwa uaminifu: ni mara ngapi tumeutoa mkono huo huku kinyongo kikiwa palepale? Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba haimpasi Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wa wawili hao ni yule anayeanza kutoa salamu. Wenzetu wameifanya asubuhi ya Idd kuwa mwisho wa uhasama wa mwaka mzima. Siku na wiki zinazofuata, maofisi, shule na vyama huandaa mikutano ya kusameheana inayoitwa halal bihalal. Tajiri na mwajiriwa wake hupanga mstari mmoja wakapeana mikono.

Haki ya mfanyakazi kabla ya sikukuu

Jambo moja tunapenda litazamwe kwa makini na wenye maduka, viwanda na wenye kuajiri watumishi wa nyumbani miongoni mwetu. Kwa mujibu wa kanuni ya Wizara ya Kazi ya Indonesia ya mwaka 2016, mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 kazini hustahiki posho ya sikukuu iliyo sawa na mshahara wa mwezi mmoja, na aliyefanya kazi kwa muda mfupi zaidi hupewa kwa kiasi cha miezi yake. Fedha hizo sharti zimfikie siku saba kabla ya sikukuu kwa uchache. Mwislamu huzipokea kabla ya Idd, Mkristo kabla ya Krismasi, Mhindu kabla ya Nyepi.

Wapo waajiri wanaokwepa, na kila mwaka serikali hufungua vituo vya kupokea malalamiko. Hata hivyo msingi ni mwema: sikukuu haiwi sikukuu iwapo aliyekupikia na kukufulia anarudi kwa wanawe mikono mitupu. Uislamu ulilitangulia jambo hili kwa Zakatul Fitri, inayotolewa kabla ya swala ya Idd ili maskini asiamke siku hiyo akiomba.

Huko Aceh, mkoa ulioonja msiba wa tsunami tarehe 26 Desemba 2004, kuna ada ya tangu enzi za masultani iitwayo meugang. Siku moja au mbili kabla ya Ramadhani, na kabla ya kila Idd, kila nyumba hujitahidi kupika nyama, na wenye uwezo huwanunulia mayatima na wajane. Ni aibu kubwa mtaani kwa mwenye nafasi kula nyama hali harufu ya chungu chake inamfikia jirani asiye na kitu.

Chakula cha Idd chenyewe kitawapendeza akina mama wa pwani, kwani nazi ndiyo inayotawala. Kuna ketupat, wali unaopikwa ndani ya vifuko vilivyosukwa kwa makuti machanga mpaka ukashikana kama mkate. Kuna kuku wa nazi. Na kuna rendang, nyama ya ng'ombe inayochemshwa kwa tui na viungo hadi tui likauke na nyama igeuke rangi. Katika sehemu za Java na Lombok, sherehe ya ketupat hufanywa tarehe 8 ya Shawwal, baada ya kukamilisha zile siku sita za sunna alizozitaja Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Imam Muslim. Kwetu siku ya pili ya Idd wengi tumekwishasahau kuwa kuna sita. Wao wamezifungia ibada hiyo kwa karamu ndogo, na kwa sababu hiyo hata watoto hawaisahau.

Mwezi ulipowagawa

Sasa tufike kwenye kidonda chetu. Mtu asidhani kwamba Waindonesia huandama mwezi mmoja kwa furaha na amani. Jumuiya zao kubwa mbili zimetofautiana katika hilo kwa miaka mingi.

Muhammadiyah ilianzishwa mjini Yogyakarta tarehe 18 Novemba 1912 na Sheikh Ahmad Dahlan. Nahdlatul Ulama ilianzishwa Surabaya tarehe 31 Januari 1926, na kiongozi wake mkuu alikuwa Sheikh Hasyim Asy'ari. Masheikh hawa wawili waliwahi kusoma Makka kwa mwalimu mmoja, Sheikh Ahmad Khatib wa Minangkabau. Muhammadiyah huthibitisha mwezi kwa hesabu za falaki. Nahdlatul Ulama hutaka mwezi uonekane. Serikali, kwa upande wake, hukusanya taarifa za waangalizi kutoka pande zote za nchi, kisha Waziri wa Dini hukaa kikao na masheikh, wataalamu wa falaki na wawakilishi wa jumuiya, akatangaza uamuzi usiku ule ule. Tangu mwaka 2022 kipimo cha serikali ni kwamba hilali iwe juu ya upeo kwa nyuzi tatu na iwe imeachana na jua kwa nyuzi 6.4, kipimo walichokubaliana pamoja na Malaysia, Brunei na Singapore.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 2007, mwaka 2011 na mwaka 2023 Idd ya Muhammadiyah ilitangulia ile ya serikali kwa siku moja. Mwaka 2011 kalenda zilizochapishwa zilikuwa zimeandika Agosti 30. Akina mama walikuwa wamekwishapika. Usiku ule serikali ikatangaza kuwa mwezi haukuthibiti, na Idd ni Agosti 31. Muhammadiyah wakaswali tarehe 30, wengine wakafunga siku moja zaidi na kupasha moto vyungu vyao.

Yapo mambo mawili tuliyoyazingatia hapa. La kwanza, kila upande hutangaza msingi wake mapema. Muhammadiyah hutoa tarehe zake miezi mingi kabla, na tangu mwaka 1447 Hijria, sawa na 2025, imeingia katika kalenda moja ya Hijria kwa ulimwengu mzima. Mwislamu anajua nani anafuata nini na kwa hoja gani. Hakuna anayeshtukizwa na ujumbe wa simu usiku wa manane usiojulikana ulikotoka.

La pili ni adabu. Katika familia nyingi mume ni wa jumuiya hii na mke amelelewa katika ile. Mara nyingi wanaotangulia kula Idd huchelewesha kuwatembelea jamaa mpaka wote wawe wamefungua, ili furaha iwe ya pamoja. Hawali hadharani mbele ya waliofunga, na waliofunga hawawaiti wenzao kuwa wamekula mchana wa Ramadhani.

Hatusemi kwamba wote ni malaika. Mwaka 2023 mtafiti mmoja wa taasisi ya serikali aliandika kwenye mtandao vitisho vya kuua dhidi ya wafuasi wa Muhammadiyah kwa sababu ya tofauti hiyo ya Idd. Alishitakiwa na mahakama ikamhukumu kifungo. Jambo la kuzingatia ni kwamba walioshtushwa na maneno yale walikuwa pia watu wa upande wake mwenyewe.

Nasi tunaye mwalimu katika hili. Imam Muslim amepokea kisa cha Kurayb, aliyeuona mwandamo akiwa Sham, kisha akafika Madina na kumweleza Ibn Abbas (R.A.) kwamba watu wa Sham walianza kufunga siku moja kabla yao. Ibn Abbas hakuufuata mwezi wa Sham. Wanazuoni wamekitolea kisa hiki hukumu mbalimbali hadi leo. Lakini someni kisa chote: hakuna mahali Ibn Abbas alipowatoa watu wa Sham katika dini, wala Kurayb hakumhama Ibn Abbas.

Maulidi na ngoma za kifalme

Mjini Yogyakarta, katika mwezi wa Rabiul Awwal, hufanyika sherehe iitwayo Sekaten. Vyombo vya kale vya muziki vya kasri ya Sultani hutolewa na kupigwa katika uwanja wa Msikiti Mkuu kwa takriban wiki nzima hadi kuamkia tarehe 12. Wazee wa huko husimulia kwamba walinganiaji wa mwanzo waliwavutia watu wa Java kwa muziki waliouzoea, wakawafikisha mlangoni mwa msikiti, wakawatamkisha shahada mbili, na kwamba hata jina la sherehe limetokana na neno la Kiarabu la shahada hizo. Siku ya Maulidi "milima" ya vyakula iliyotengenezwa kwa mboga, mpunga na matunda hutolewa kasri, ikaombewa dua na kugawiwa umma. Kwa zama nyingi watu wamezoea kuigombea kwa kutafuta baraka.

Sulawesi Kusini, katika kijiji cha Cikoang, Maulidi hupambwa kwa mashua zilizojazwa mchele, kuku na mayai ya rangi. Aceh, khitima na karamu za Maulidi huendelea kwa miezi mitatu, kijiji kwa kijiji, ili watu wapate kualikana.

Je, wote wanayakubali haya? Hapana. Msikiti huohuo wa Yogyakarta ndiko alikokuwa khatibu Sheikh Ahmad Dahlan, na jumuiya aliyoianzisha imejulikana kwa kukemea mambo inayoyaona kuwa ni uzushi na imani ya kutafuta baraka penye vyakula. Hata yeye aliwahi kuonja ukali wa tofauti: alipotaka kusahihisha upande wa kibla, mnamo miaka ya mwisho ya karne ya 19, msikiti wake mdogo ulibomolewa na waliompinga. Hakujibu kwa kubomoa. Alijenga shule, na leo jumuiya yake ina shule, vyuo vikuu na hospitali katika kila pembe ya nchi. Sekaten imeendelea kupigwa, na Muhammadiyah imeendelea kufundisha, zote katika mji mmoja.

Sikukuu za majirani

Kisiwani Bali Wahindu ndio wengi. Mwaka wao mpya, Nyepi, ni siku ya kimya. Hakuna kuwasha moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna burudani. Uwanja wa ndege hufungwa saa 24, na tangu mwaka 2018 hata intaneti ya simu huzimwa. Walinzi wa kimila, waitwao pecalang, huzunguka kuhakikisha kila mtu yuko ndani.

Mwaka 2012 Nyepi iliangukia siku ya Ijumaa, tarehe 23 Machi. Waislamu wa Bali wangefanyaje? Viongozi wa dini walikaa mapema wakaafikiana: Waislamu watakwenda kwa miguu katika msikiti ulio karibu nao, na adhana na hotuba hazitatolewa kwa vipaza sauti vya nje. Basi Ijumaa ikaswaliwa, na kimya cha jirani hakikuvunjwa. Mwaka 2023 Nyepi ilikutana na usiku wa kwanza wa tarawehe, na utaratibu wa namna hiyo ukafuatwa. Ikifika Idd, walinzi walewale wa Kihindu husaidia kuongoza magari penye viwanja vya swala.

Wachina wa Indonesia walizuiwa kusherehekea hadharani mwaka wao mpya tangu 1967, katika utawala wa Rais Suharto. Aliyewaondolea zuio hilo mwaka 2000 alikuwa Rais Abdurrahman Wahid, mwanachuoni, mjukuu wa yule Sheikh Hasyim Asy'ari. Mwaka 2003 siku hiyo ikawa mapumziko ya taifa.

Hata hivyo kuheshimu si kuchanganya. Tarehe 7 Machi 1981 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwamba Mwislamu hafai kushiriki katika ibada na sherehe za pamoja za Krismasi. Mwenyekiti wake wakati huo alikuwa mfasiri mkubwa wa Qur'ani, Buya Hamka. Serikali haikufurahishwa, na shinikizo likawa kubwa la kutaka fatwa ile iondolewe. Hamka alichagua kujiuzulu mwaka huohuo. Alibaki na heshima ya watu wote, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu, kwa kuwa hakumtukana mtu. Alilinda mpaka wa dini yake tu. Hii ndiyo maana ya Suratul Kafirun, inayoiacha kila dini na wenyewe bila ya kuchanganya wala kulazimisha.

Idd iliyogeuka vita, na usiku wa Mojokerto

Tarehe 19 Januari 1999 ilikuwa siku ya Idd el Fitr. Katika mji wa Ambon, visiwa vya Maluku, ugomvi baina ya dereva wa basi dogo na kijana, jambo ambalo kwa siku nyingine lingekwisha kwa kusukumana, ulipata kuni kavu za chuki zilizokuwa zimekwishapangwa. Kufikia usiku nyumba zilikuwa zinateketea, misikiti na makanisa pia. Vita vya Waislamu na Wakristo wa Maluku viliendelea hadi mapatano ya Malino ya Februari 2002, na maelfu ya roho zilipotea. Watoto waliotoka asubuhi na nguo mpya walilala kambini usiku.

Katikati ya miaka hiyo ya moto, tarehe 24 Desemba 2000, mabomu yalitegwa katika makanisa ya miji kadhaa ya Indonesia. Ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani, siku chache kabla ya Idd. Mjini Mojokerto, Java Mashariki, vijana wa kikosi cha Banser, walio chini ya Nahdlatul Ulama, walikuwa wakisaidia kulinda kanisa. Mmoja wao, Riyanto, kijana wa miaka 25, aliuona mfuko wa kutiliwa shaka. Alipogundua kuwa ni bomu aliwapigia kelele watu wajitupe chini, akaukumbatia na kukimbia nao nje. Ulimlipukia mikononi.

Hakuwa ameingia kanisani kuimba wala kusali ibada isiyo yake. Aliilinda roho ya jirani, kama Qur'ani inavyotaja katika Suratul Hajj, aya ya 40, kwamba lau Mwenyezi Mungu asingewakinga watu kwa watu, nyumba za ibada za watawa, za Wakristo, za Mayahudi na misikiti zingebomolewa. Kati ya fatwa ya Hamka na kifo cha Riyanto hatuoni mgongano wowote.

Tunachoweza kukichukua

Ndugu zetu Waislamu, nchi yetu nayo ni kubwa, ina makabila zaidi ya 120, na kalenda yetu ina Idd, Maulidi, Pasaka na Krismasi. Tunayo ya kuwafunza wengine, na tunayo ya kujifunza.

Kwanza, baba na mama wakae na watoto wao kabla mwezi 29 haujafika, sio usiku ule wa fujo. Waelezane nyumba hii inafuata tangazo la nani na kwa hoja gani. Kijana mwenye rai nyingine aelezwe kwamba rai yake haimtoi katika nyumba ya baba yake.

Pili, ikitokea siku zimeachana, aliyetangulia amsubiri mwenzake kwa ziara na karamu. Pilau haina ajizi. Siku moja haiimalizi ladha yake.

Tatu, mwenye kuajiri ampe mtumishi wake haki na hisani yake kabla ya Idd, na amruhusu kwenda kuwaona wazazi wake. Matumizi yetu yawe ya wastani, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa bila ya israfu.

Nne, asubuhi ya Idd tuombe msamaha kwa jina la kosa, tusijifiche nyuma ya "Idd Mubarak". Mzazi naye asione haya kumwomba radhi mtoto wake.

Tano, sikukuu ya jirani asiye Mwislamu tuiheshimu na tuilinde amani yake bila ya kuingia katika ibada yake. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini.

Tunamalizia kwa kumbukumbu moja. Uhuru wa Indonesia ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1945. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 9 ya Ramadhani, na wengi wa waliosimama pale Jakarta walikuwa na saumu. Kila mwaka siku hiyo watoto hukimbia ndani ya magunia, vijana huvuta kamba na kupanda nguzo ndefu za mpinang zilizopakwa mafuta, na juu yake zimetundikwa zawadi. Nguzo ile haipandwi na mtu mmoja. Mmoja huinama, wa pili akasimama mabegani mwake, wa tatu juu yao, na anayefika kileleni huzitupa zawadi chini ili wagawane, akiwemo yule aliyekuwa chini kabisa akikanyagwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu kabla ya kutuunganishia mwezi wetu, azikubali saumu na swala zetu, na azijaalie Idd zetu kuwa siku za kheri katika kila nyumba. Amin.